Tusaini au tuache? Jibu kwa kina mama wa Kyaka II

*"Sisi ni kikundi cha kina mama hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, Uganda, upande wa Bukere. Wengi tumetoka Congo, na tuko pamoja na wenyeji sita wa Uganda. Tulianza na likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu. Wageni walipoongezeka kutoka Rutshuru na Masisi, tukaanza kuwapikia watoto wao uji asubuhi, tena tunafundisha wasichana kushona. Mwezi uliopita shirika moja kubwa la nje lilikuja, likasifu kazi yetu, likasema linataka ushirikiano. Wametupa mkataba wa kurasa kumi na mbili, Kiingereza kitupu, tuwe tumesaini kufikia Ijumaa. Aliyetusomea anasema tutatumia kwanza pesa yetu, halafu baada ya miezi mitatu turudishiwe kwa risiti. Tena wanataka orodha ya kila anayesaidiwa: jina, namba ya familia, simu, alikotoka, na picha ya mtoto akinywa uji. Tumegawanyika. Wako wanaosema tukisaini, majina yetu yatarudi kwenye chakula. Wako wanaosema mkimbizi haruhusiwi kuandikisha kikundi Uganda, kwa hiyo huu ni mtego. Katika sanduku tuna kama milioni nne. Tusaini au tuache?"*

Mama, pamoja na wenzako: Ijumaa msisaini, na wala msiwafukuze. Mkataba huo kama mlivyoueleza unawabebesha hatari ambayo si yenu. Lakini karibu kila kipengele kinachowatisha kinaweza kujadiliwa, na shirika linalotaka kweli kufanya kazi nanyi litakubali kukaa chini tena. Tarehe ya Ijumaa mara nyingi hutokana na kalenda ya ofisi, kwa mfano robo ya mwaka inafungwa na msimamizi wa mradi anataka kuonyesha kwamba amepata mshirika. Si sheria, na haiwalazimu.

Kwanza tuyaondoe yale mawili yanayowagawanya, kwa sababu yote mawili si kweli.

Mkimbizi anaruhusiwa kuunda na kuandikisha kikundi Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida. Kikundi cha jamii kama chenu hakihitaji kwenda Kampala: kinaandikishwa wilayani, kwenu ni Kyegegwa, chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016. Mnahitaji katiba ya kikundi, mihtasari ya mkutano mliochagua viongozi, na barua za kuwatambulisha kuanzia chini, kwa LC1 (baraza la kijiji) na kata ndogo. Mwaka 2024 sheria hiyo ilirekebishwa na ofisi kuu ya kusimamia mashirika ikahamishiwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Habari hiyo ilizua uvumi mwingi, wengine wakaamini kwamba vikundi vimefungwa. Havikufungwa. Na wale wenyeji sita mlio nao ni nguvu kuliko mnavyodhani. Mpango wa Uganda tangu zamani unataka karibu asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie pia wenyeji wa eneo. Shirika lolote linaloleta ripoti kwa OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi, litafurahi kuona kikundi ambacho tayari kina watu wa pande zote mbili.

La pili ni gumu kulisema, maana najua linatoka kwenye njaa. Kusaini mkataba huu hakutarudisha jina la mtu yeyote kwenye mgao wa chakula. Mgao unatoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa orodha zake pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na OPM. Tangu Julai 2023 familia zimepangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na Mei 2025 fedha zilipopungua WFP iliwaondoa karibu watu milioni moja kwenye msaada wa chakula nchini Uganda. Shirika linalofadhili uji na cherehani halina mkono katika orodha hiyo. Anayedhani familia yake imewekwa kundi lisilo sahihi ana njia ya rufaa, apitie dawati la malalamiko la makazi. Kama kuna mfanyakazi wa shirika hilo aliyewadokeza kwamba mkisaini mtarudishwa, mwambieni aandike maneno hayo kwenye mkataba. Hataandika.

Kwa nini basi shirika kubwa limekuja kwa kina mama wa Bukere?

Fedha hizi husafiri kwa hatua. Serikali ya nchi tajiri inatoa kwa shirika la Umoja wa Mataifa au kwa shirika kubwa la kimataifa. Hilo nalo linatafuta wa kutekeleza, na mtekelezaji anatafuta kikundi kilicho karibu na watu. Kila hatua inakata sehemu yake ya uendeshaji: mishahara, magari, ukaguzi wa hesabu. Mwaka 2016, kwenye mkutano mkuu wa misaada ya kibinadamu Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha ziwe zinawafikia watendaji wa nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. Ahadi haikutimia. Fedha zinazokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji hazijafika hata sehemu ya kumi. Lakini ahadi ilibaki kwenye karatasi, na leo mfadhili akisoma ombi la fedha anauliza: mshirika wenu wa mashinani ni nani? Hapo ndipo jina lenu linapoingia.

Kisha ikaja 2025. Januari 20 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ndani ya siku chache barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwenye miradi. Mashirika yalipunguza wafanyakazi, huku vita vya Kivu vikiendelea kusukuma watu mpakani: Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari mwaka huohuo, Bukavu ikafuata Februari. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Kazi iliongezeka na mikono ikapungua. Ninyi mnajua mgeni gani amelala njaa jana, mnaongea lugha yake, na hamkodi gari kufika kwake. Wanawahitaji. Liwekeni hilo moyoni kabla ya kuingia mkutanoni, maana nimeona vikundi vingi vikikaa mezani kama vinaomba, wakati vinatoa kitu ambacho upande wa pili hauna.

Sasa pesa. Hapa ndipo ningetaka msome polepole, na mwenye sauti nzuri awasomee wengine.

Kutumia kwanza na kurudishiwa baadaye kunamaanisha kwamba kikundi cha likelemba kinalikopesha shirika kubwa bila riba. Tuchukue kwamba uji na mafunzo vinagharimu milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Miezi mitatu ni milioni tatu na laki sita. Mkipeleka ripoti, haitalipwa siku hiyo: itasomwa, itarudishwa na maswali, itasomwa tena. Tuseme mwezi mmoja tu. Watoto hawataacha kunywa uji mwezi huo, kwa hiyo milioni nyingine na laki mbili inatoka. Jumla milioni nne na laki nane, na ninyi mna nne. Sanduku limekauka kabla shilingi ya kwanza haijarudi, na ikiangukia mwanzo wa muhula, mama anayedai zamu yake alipe ada ya shule ataambiwa nini?

Halafu kuna gharama zitakazokataliwa. Mkaguzi wa hesabu anataka risiti yenye jina, tarehe na muhuri. Mama anayewauzia mahindi sokoni Bujubuli hana kitabu cha risiti, na aliye nacho duka lake ni ghali zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nina hakika daftari la likelemba mnalo na limenyooka. Lakini daftari lenu na risiti ya mkaguzi ni vitu viwili tofauti. Gharama ikikataliwa, mkataba wa aina hii husema hasara ni ya kikundi. Na kama kikundi hakijaandikishwa, kisheria hakina uso wake: wanaodaiwa ni wale walioweka saini, kwa majina yao.

Kwa hiyo ombeni malipo ya awali. Hili ni jambo la kawaida kabisa, na wao wenyewe hulipata kutoka kwa wafadhili wao. Nusu itangulie, sehemu ya pili ifuate mkishaonyesha matumizi ya ya kwanza, na kipande kidogo kibaki hadi ripoti ya mwisho. Wakisema sera yao hairuhusu, waulizeni kama inaruhusu wao kununua unga moja kwa moja. Nitalirudia hilo hapa chini. Ombeni pia iandikwe, ndani ya mkataba wenyewe, kwamba kwa manunuzi madogo ya sokoni hati ya malipo iliyosainiwa na muuzaji na shahidi, au ujumbe wa pesa za simu, vinatosha kama ushahidi. Msikubali neno la mdomo. Yule kijana anayewaambia "haina shida" atakuwa amehamishiwa Yumbe au ameacha kazi siku mkaguzi atakapokuja.

Bajeti yenu iwe na vitu ambavyo vikundi husahau: ada ya kutoa pesa kwenye simu pamoja na kodi yake ya asilimia 0.5, boda ya kwenda Bujubuli na Kyegegwa, kuni au makaa, sabuni ya kuoshea vikombe, matengenezo ya cherehani, na posho ya wapishi (hapa nasema ile ya pesa, si ile ya sahani, yaani ugali). Mashirika makubwa huongeza kwenye bajeti zao fungu la uendeshaji, kwa kawaida karibu asilimia 7. Si utovu wa adabu kuuliza sehemu yenu iko wapi.

Orodha ya majina nayo inanisumbua kuliko hata pesa.

Tuwatendee haki: hawaiombi kwa ubaya. Mwaka 2018, baada ya tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi Uganda ilikuwa imeongezwa, OPM na UNHCR walihakiki upya kwa alama za vidole, na waliothibitishwa wakawa karibu milioni 1.1 badala ya milioni 1.4 waliokuwa kwenye vitabu. Wafadhili hawajasahau. Tangu hapo kila shirika linaogopa kuulizwa: mtoto huyu yupo kweli?

Lakini fikirini karatasi mnayotakiwa kujaza. Jina, simu, namba ya familia na kijiji alikotoka mtu. Kwa watu waliokimbia Masisi au Ituri, jina na kijiji vinatosha kumwonyesha anayejua ni kabila gani, na pengine upande gani anadhaniwa kuwa. Wako waliokimbia watu wanaowatafuta kwa jina. Karatasi hiyo itapigwa picha kwa simu, itatumwa kwa barua pepe, itakaa kwenye kompyuta ambazo hamtaziona kamwe. Januari 2022 hata Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, inayojulikana kwa uangalifu wake, iligundua kwamba kompyuta zake zilikuwa zimevamiwa na taarifa za watu zaidi ya 515,000 zimefikiwa na wavamizi. Shirika lenye ofisi ndogo Mbarara au Fort Portal halina ulinzi kuliko huo.

Sheria iko upande wenu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019: taarifa za mtu hukusanywa kwa sababu iliyo wazi, kwa idhini yake, na si zaidi ya zinazohitajika; kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeidhinisha. Uji hauhitaji kujua mtu ametoka wapi, kwa hiyo safu hiyo ifutwe kabisa. Kwa mengine, wapeni hesabu ya kila siku kwa umri na jinsia, na daftari la majina libaki kwenu, kila mtoto akiwa na namba ya kikundi. Anayetaka kuhakiki aje asubuhi ahesabu vikombe, au alisome daftari hapohapo mbele ya mwenyekiti bila kulipiga picha. Wengi hukubali. Picha za watoto wakinywa uji kataeni, au ruhusuni mikono na vikombe bila nyuso. Mama aliyefika juzi na kuona kamera mbele ya sufuria hatasema hapana, hata kama anaogopa. Anadhani uji wa mwanawe unategemea picha. Hiyo si idhini.

Kipengele kimoja msikiguse, hata kikionekana kikali: kile kinachokataza mtu yeyote, awe mfanyakazi wao au mwanachama wenu, kudai mapenzi, fedha au kazi ya bure kwa anayesaidiwa. Ombeni tu kisomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote na wasichana wa cherehani, na iandikwe malalamiko yapelekwe kwa nani nje ya kikundi na nje ya mradi.

Mna njia nne, na kila moja ina bei yake. Mnaweza kusaini baada ya marekebisho. Mtajifunza kushika fedha na mtapata historia ya kumwonyesha mfadhili wa baadaye, lakini mwaka wa kwanza ni wa karatasi nyingi na usingizi mchache. Mnaweza kupokea vitu badala ya fedha: wao wanunue unga, sukari na vitambaa, ninyi mpike na mfundishe. Sanduku linakuwa salama, ila wao ndio watakaochagua unga, na wakichelewa sufuria inasubiri. Kwa cherehani ulizeni mapema, kwa maandishi, mradi ukiisha ni za nani. Nimeziona zikipakiwa kwenye gari. Njia ya tatu ni kupitia shirika la Uganda lililokwisha kuandikishwa, liwashikie fedha kwa mwaka mmoja huku mkikamilisha usajili wenu. Chagueni ninyi, msichaguliwe. Ya nne ni kukataa, na kukataa kwa heshima hakufungi mlango.

Ningekuwa mmoja wenu ningependekeza vitu kwa upande wa uji, na malipo ya awali madogo kwa upande wa kushona, kwa miezi sita, huku kazi ya kuandikisha kikundi Kyegegwa ikiendelea. Kisha mkataba kamili ujadiliwe upya mkiwa na cheti mkononi. Lakini mnajuana ninyi. Kama mhasibu wenu ni hodari na hakuna ugomvi uliofichika, mnaweza kwenda haraka kuliko hivyo. Amueni kabla ya shilingi ya kwanza nani atalipwa posho na nani ataendelea kujitolea. Vikundi havivunjwi na umaskini wa mwanzo. Huvunjwa na posho ya wapishi watatu kati ya wanawake thelathini.

Na someni sehemu inayohusu kuvunja mkataba. Wakisimamisha, watoe taarifa siku ngapi kabla? Na gharama ambazo tayari mmeahidi, kama fundi na mwenye duka, nani atalipa? Yaliyotokea 2025 yaliacha vikundi vingi na madeni sokoni.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kutoka hapa. Mkataba wenyewe usomwe na mwanasheria aliye nao mkononi: ulizeni ofisi ya msaada wa kisheria iliyo ndani ya makazi, au Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo imefanya kazi na wakimbizi tangu 1999 na haitozi. Mwombeni tafsiri ya Kiswahili, na shirika lenyewe ndilo liilipie. Mjulisheni mwenyekiti wa RWC (kamati ya ustawi wa wakimbizi) na ofisi ya OPM Bujubuli kwamba mmefikiwa. Shirika halali linakuwa na kibali cha OPM cha kufanya kazi ndani ya makazi, na kulithibitisha ni swali la dakika chache. Lakini kama mtu anataka hongo ili awaingize kwenye mradi, anawaahidi safari ya kwenda nchi ya tatu kwa pesa, anamsumbua msichana, au anauliza sana nani ametoka kijiji gani na alikuwa na kundi gani lenye silaha, msisubiri mkutano wa kikundi. Nendeni siku hiyohiyo kwa polisi na kwa dawati la ulinzi la UNHCR, au pigeni ile namba ya bure iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo.

Kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya, Kyegegwa, nendeni watatu, mmoja wao awe mwenyeji. Bebeni katiba hata kama imeandikwa kwa mkono, mihtasari ya mikutano, orodha ya viongozi na vitambulisho vyao, barua ya LC1, na daftari la likelemba. Fikeni asubuhi, maana mchana mara nyingi maafisa huwa wameshatoka kwenda vijijini.